"Zima Tu": Ushauri Unaoiacha Kompyuta Bila Mlinzi

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kuanzia Oktoba, kompyuta za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hazipumziki. Karani wa chama cha msingi anaingiza kilo za wakulima. Mwalimu anachapa mitihani ya kufunga mwaka. Mwenye duka la steshenari anapokea flashi za watu wa kata zote, Lupaso ikiwemo, mmoja akitoka mwingine akiingia. Ndipo kompyuta moja inagoma kuwaka. Mwenyewe anampigia fundi simu, na fundi anatoa jibu la maneno mawili: "Zima tu."

Kinachozimwa hapo ni mlinzi. Kompyuta inawaka, kazi inaendelea, fundi anashukuriwa. Mlinzi harudishwi. Uchambuzi huu unamhusu mlinzi huyo: ni nani, kwa nini anazimwa kirahisi, hasara yake ni ipi, na mtu anayeanza kujifunza kompyuta asaidiweje kumrudisha bila kupoteza kazi zake. Hoja yangu ni kwamba kosa la kumzima mlinzi huyo si la mwanagenzi. Ni deni la aliyemsaidia, na deni hulipwa.

Mlinzi wa mlangoni

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows haiji papo hapo. Kwanza inaamka programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama. Wengi bado tunaiita BIOS, ingawa kwenye mashine za siku hizi jina lake sahihi ni UEFI. Programu hiyo inaamsha kipakizi (bootloader), kipakizi kinaamsha kiini cha mfumo (kernel), na kiini kinaamsha programu za kuendesha skrini, kadi ya mtandao na vifaa vingine.

Mkulima wa korosho anaujua mpangilio wa namna hii. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, gunia haliruki kutoka shambani hadi mnadani. Linapimwa kwenye chama cha msingi, linapelekwa ghala kuu, linakaguliwa ubora, linapata stakabadhi, ndipo vyama vikuu, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, vinauza kwa mnada. Uwashaji salama, ambao kwenye skrini umeandikwa Secure Boot, ni ukaguzi wa aina hiyo. UEFI inaitazama sahihi ya kidijitali ya kipakizi na kuilinganisha na orodha mbili: ya walioruhusiwa na ya waliofutwa. Asiye na sahihi inayotambulika hapiti. Aliyepita naye anamkagua anayemfuata.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 taarifa za kokoto zilizokutwa kwenye korosho ya Tanzania iliyofika Vietnam ziliwatia uchungu watu wa kusini. Uchungu wa udanganyifu wa aina hiyo ni kwamba gunia kwa nje ni lilelile. Anayelifungua mwisho wa safari hawezi kujua kwa macho kokoto ziliingia hatua ipi. Kompyuta nayo iko hivyo. Virusi vilivyoingia kabla ya Windows kuamka vinaikuta nyumba tupu. Programu ya kuzuia virusi inapoamka baadaye, inaona kile tu ambacho mgeni huyo ameamua ionyeshwe.

Hatari hii ni ya zamani. Virusi vilivyoitwa Brain, vilivyotengenezwa Lahore, Pakistani, mwaka 1986, vilikaa katika sekta ya kwanza ya diski laini, mahali panaposomwa wakati wa kuwasha. Tarehe 26 Aprili 1999 virusi vya CIH vilifuta hata yaliyomo kwenye BIOS za mashine nyingi, zikawa haziwaki kabisa. Uwashaji salama uliingizwa kwenye kanuni za UEFI mwaka 2011 na ukaenea ulimwenguni pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Washambuliaji hawakukata tamaa. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET walitangaza LoJax, programu ovu iliyojificha ndani ya UEFI yenyewe, kiasi kwamba kubadilisha diski hakukuiondoa.

Swichi zinazozimwa

Tukisema "mipangilio ya kuwasha" tunataja mahali patatu tofauti, na fundi makini anapaswa kujua ni papi pameguswa.

Mahali pa kwanza ni ndani ya UEFI. Hapo pana swichi ya uwashaji salama, na karibu yake swichi ya uwashaji wa kizamani, inayoandikwa Legacy au CSM. Ya pili ikiwashwa, ya kwanza haifanyi kazi. Hapo pia huwekwa neno la siri la kumzuia mtu mwingine kubadilisha mipangilio.

Mahali pa pili ni kumbukumbu ya kuwasha ya Windows. Amri ya bcdedit inaweza kuiambia Windows ikubali programu za vifaa zenye sahihi za majaribio. Alama yake ni maneno Test Mode yanayobaki kwenye kona ya chini kulia ya skrini. Watu wengi wameyazoea maneno hayo wakidhani ni sehemu ya picha.

Mahali pa tatu ni kwa watumiaji wa Linux: mstari wa maneno ambao kipakizi cha GRUB hukikabidhi kiini. Neno moja tu linatosha. Ukiandika apparmor=0 au selinux=0 umemwondoa mlinzi anayezuia programu moja isivuke mipaka yake. Ukiandika mitigations=off umeondoa kinga zilizosambazwa kuanzia Januari 2018, ulimwengu ulipoelezwa kuhusu Spectre na Meltdown, makosa ya vichakato yanayoweza kuiruhusu programu moja kuchungulia kumbukumbu ya nyingine.

Kwa nini "zima tu" inashinda

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Lupaso anayenunua laptopu ya mtumba. Anataka kupigiwa Windows upya. Flashi ya fundi ilitengenezwa miaka mingi iliyopita kwa mtindo wa kizamani, na mashine inaikataa kwa maandishi mekundu. Fundi anaingia UEFI, anazima uwashaji salama, anawasha Legacy, anapiga Windows, anapokea ujira wake. Mwalimu anarudi kijijini na mashine inayofanya kazi. Hajui kilichozimwa, kwa hiyo hawezi kukiuliza.

Sababu ya kwanza, basi, ni vifaa vya fundi mwenyewe. Flashi ile ingetengenezwa upya kwa mtindo wa UEFI, pasingekuwa na haja ya kuzima chochote. Kwa Linux hali ni hiyohiyo: Ubuntu inakubaliana na uwashaji salama tangu toleo la 12.10 la mwaka 2012, lakini ushauri wa kuzima bado unarudiwa kama vile bado tuko siku zile.

Sababu ya pili ni leseni. Programu za kuvunja leseni mara nyingi huja na sharti kwamba kinga izimwe kwanza. Hebu tulitafakari sharti hilo. Mgeni anayetaka mlinzi aondolewe kabla hajaingia ameshasema mwenyewe alichokuja kufanya.

Sababu ya tatu ni kasi. Mashine kuukuu ni nzito, na mwenye mashine akiambiwa neno moja litaongeza mwendo, anakubali. Kwa kompyuta ya majaribio isiyounganishwa na mtandao jambo hilo linaweza kuvumilika. Kwa kompyuta inayofungua barua pepe na akaunti ya benki, kuongeza kumbukumbu au kuweka diski ya SSD kunaleta nafuu iliyo kubwa zaidi bila kumfukuza mlinzi.

Sababu ya nne haisemwi sana: betri ya mviringo kama sarafu iliyo ndani ya ubao mama, iliyoandikwa CR2032. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi imekwisha. Ikishakwisha, saa inarudi miaka ya nyuma na mipangilio inaweza kurudi ilivyotoka kiwandani, na kwenye mashine nyingine hiyo ina maana ya uwashaji wa kizamani. Hapo hakuna aliyezima. Ni betri imekufa. Dalili ni tarehe isiyo sahihi kila umeme unapokatika na tovuti zinazokataa kufunguka kwa madai ya vyeti.

Sababu ya tano ni lugha, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mlinzi anasema Kiingereza. Anaandika "Security Violation" kwa rangi ya hatari, na mwanagenzi anaelewa kwamba yeye ndiye aliyevunja sheria. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulituonyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu za ofisini zinaweza kuzungumza Kiswahili. Skrini ya UEFI haijafika huko. Mtu asiyeelewa onyo hana la kufanya ila kutaka liondoke.

Kumsaidia anayeanza

Anayemsaidia mwanagenzi aanze kwa kutazama, mikono ikiwa mbali. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma mistari miwili: BIOS Mode na Secure Boot State. Wa kwanza unaeleza kama mashine inawaka kwa UEFI au kwa mtindo wa kizamani. Wa pili unaeleza kama mlinzi yuko kazini. Kwenye Linux, amri ya mokutil --sb-state inajibu swali la mlinzi, na cat /proc/cmdline inaonyesha maneno yote ambayo kiini kilikabidhiwa. Mwache mwenye kompyuta ayasome mwenyewe kwa sauti. Akishajua pa kutazama, hatategemea tena neno la mtu.

Hatua inayofuata ni kulinda kazi. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Kisha uliza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski. Kama imefungwa, tafuta ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, na uandikwe karatasini. Kubadilisha uwashaji salama kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo huo. Asiyekuwa nao anaweza kuyapoteza yote kwa kazi iliyokusudiwa kuyalinda.

Ingia UEFI. Dell nyingi hutumia F2, HP hutumia F10, Lenovo F1 au F2, mara tu baada ya kuwasha. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Picha hizo ndizo njia ya kurudi nyumbani.

Ikiwa msinfo32 ilisema UEFI, kazi ni nyepesi: washa Secure Boot, hifadhi, toka. Mashine ikidai haina funguo, chagua kurudisha funguo za kiwandani, ambazo zipo kwenye ukurasa uleule. Ikiwa ilisema Legacy, subiri kwanza. Diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na ukibadilisha swichi peke yake mashine haitawaka. Windows 10 tangu toleo la 1703 ina chombo kiitwacho mbr2gpt. Kianzishe kwa kukagua tu, kwa amri ya mbr2gpt /validate /allowFullOS. Kikikubali, ndipo ubadilishe diski kwa amri hiyohiyo ukiweka /convert badala ya /validate, halafu swichi. Fanya hivyo betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii, hasara ni ya mwenye mashine.

Kama maneno Test Mode yapo kwenye skrini, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika bcdedit /set testsigning off, washa upya. Kifaa fulani kikiacha kufanya kazi baada ya hapo, umempata aliyekuwa anapita bila sahihi. Tafuta programu yake halali kwa mtengenezaji.

Kwa Linux, kuna njia ya kujaribu bila kujifunga. Kwenye orodha ya GRUB bonyeza e, ondoa neno lililozima kinga, kisha Ctrl na X. Badiliko hilo ni la safari moja. Ukizima na kuwasha linapotea. Mashine ikiwaka vizuri, fungua faili la /etc/default/grub, futa neno hilo hapo, andika sudo update-grub kwa Ubuntu na ndugu zake, washa upya, kisha soma tena cat /proc/cmdline. SELinux inahitaji subira zaidi. Ikiwa ilizimwa kwa muda mrefu, mafaili mapya hayana lebo zake, na kuirudisha kwa nguvu kunaweza kuizuia mashine kuwaka. Tengeneza faili tupu kwa amri ya sudo touch /.autorelabel, badilisha selinux=0 iwe enforcing=0 ili mlinzi aangalie bila kuzuia, acha lebo ziandikwe upya, ndipo uondoe neno hilo na kumpa mlinzi mamlaka kamili.

Mwisho wa kazi ni kurudi pale tulipoanza: msinfo32 au mokutil, na mwenye mashine asome mwenyewe.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaoupinga uwashaji salama, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni ya mamlaka. Funguo zilizomo kwenye mashine nyingi ni za Microsoft, na hata Linux inapita mlangoni kupitia kipakizi kidogo kiitwacho shim kilichotiwa sahihi na Microsoft. Tangu mwanzo Free Software Foundation ilionya kwamba mwenye kompyuta anaweza kugeuzwa mpangaji ndani ya nyumba yake. Onyo hilo ni la haki. Lakini kompyuta nyingi zinamruhusu mwenyewe kuandikisha ufunguo wake, na hiyo ndiyo njia ya anayetaka uhuru. Kuacha mlango wazi hakumpi mtu umiliki wa nyumba.

Hoja ya pili ni kwamba mlinzi huyu amewahi kushindwa. Ni kweli. Mwaka 2020 lilitangazwa kosa la GRUB lililoitwa BootHole, na mwaka 2023 ESET ilieleza jinsi programu ovu ya BlackLotus inavyopita hata pale uwashaji salama ulipowashwa, kwa kutumia kipakizi cha zamani chenye kosa. Tena, vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinaanza kwisha muda Juni 2026, hivyo mashine isiyopata masasisho itakosa kinga mpya za hatua ya kuwasha. Haya yote yanadai masasisho. Hayampi mtu sababu ya kuzima, kama vile kufuli lililowahi kuvunjwa halimfanyi mtu alale mlango ukiwa wazi.

Hoja ya tatu ni ya wenye mashine kuukuu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na uwezo wa uwashaji salama. Laptopu nyingi za mtumba hazifikii vigezo hivyo. Kwa hizo, Linux yenye masasisho na uwashaji salama ni salama kuliko Windows iliyosimamishwa masasisho.

Zipo pia saa ambazo kuzima ni halali: kuokoa mafaili ya diski inayokufa, au kupima kifaa kipya. Sharti lake ni kwamba anayezima aandike alichozima, na asiondoke kabla ya kukiwasha.

Deni hili ni la nani

Kompyuta ya kijijini mara chache ni ya mtu mmoja. Ya chama cha msingi ina majina ya wakulima, namba zao za simu, akaunti za benki na kilo walizoleta. Vyama vya ushirika sasa vinafanya kazi kwenye mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na karani anaingia humo kwa neno lake la siri. Programu iliyojificha chini ya Windows inaweza kulisoma neno hilo linapochapwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mkulima wa Lupaso hajui swichi ya UEFI ilipo, lakini jasho lake limo ndani ya mashine hiyo.

Nchi yetu imewahi kulijibu tatizo la kompyuta kwa kuzima. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za kompyuta zilipoharibika, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku yale yalituchelewesha. Sera ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003, katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso aliyezaliwa mwaka 1938 na kuzikwa kijijini hapo tarehe 29 Julai 2020. Kutoka marufuku hadi sera tulijifunza kwamba chombo kinachosumbua kinahitaji watu wanaokielewa. Funzo hilo linafaa pia kwa swichi moja ndani ya laptopu ya mwalimu.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wa Masasi, Newala, Ndanda na kwingineko wafanye jambo moja. Kila mnaporudisha kompyuta ya mtu, mpeni karatasi yenye mistari mitatu: nilichokikuta, nilichokibadilisha, nilichokirudisha. Vyama vya msingi viidai karatasi hiyo kabla ya kulipa. Walimu wa TEHAMA waifundishe msinfo32 katika kipindi cha kwanza kabisa, kabla ya kuchapa barua.

Na wewe unayesoma, kama fundi wako amewahi kukuambia "zima tu", fungua mashine yako leo na usome mstari wa Secure Boot State. Ukikuta umeandikwa Off, mpigie simu. Usimgombeze. Mwambie aliyezima ndiye wa kuwasha, kisha ukae pembeni yake ujifunze anavyofanya.